Msaada Unaosubiri Ng'ombe Afe

Mwanzoni mwa mwaka 2022 uongozi wa Wilaya ya Simanjiro, mkoani Manyara, ulitoa hesabu ya mifugo iliyokufa kwa ukame: ng'ombe 35,746, kondoo 15,136, mbuzi 10,033 na punda 1,670. Jumla 62,585. Hesabu za namna hiyo kwa kawaida huanzia chini. Mwenyekiti wa kitongoji anaorodhesha boma kwa boma, mtendaji wa kijiji anajumlisha, kata inapokea, bwana mifugo anapita kuona mizoga, na mwisho karatasi inafika mezani kwa mkuu wa wilaya. Hata punda hawakusahaulika.

Mfugaji aliyesimama kando ya mzoga anabaki na swali lake: mmeshamwandika, haya, sasa?

Swali hilo si la Wamasai wa Simanjiro peke yao. Huku Mkonze, kata iliyo pembezoni mwa Jiji la Dodoma, linaulizwa pia, ila kwa sauti ya chini, maana mfugaji wa hapa hahesabiwi kuwa mfugaji kamili. Ni mkulima mwenye ng'ombe wachache. Analima uwele, mtama, karanga na alizeti, anategemea msimu mmoja wa mvua unaoanza Desemba na kukata Aprili, na mvua yenyewe kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Mwaka ambao mazao yamekauka, ng'ombe watano na mbuzi kumi na mbili ndio benki, ndio ada ya shule, ndio mahari, ndio nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, na mji ukapandishwa kuwa jiji Aprili 2018, malisho ya pembezoni yamekuwa viwanja. Mchungaji anapitisha mifugo katikati ya bikoni, akiomba ng'ombe asiingie kwenye uzio wa mtu.

Mvua ikikosa, msaada unaojulikana huku Ugogo, nchi ya Wagogo, ni mahindi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, unafungua maghala, mahindi yanauzwa kwa bei nafuu, na kaya zisizo na uwezo kabisa zinaweza kugawiwa bure. Ni msaada wa maana, na umeokoa watu wengi. Ila umetengenezwa kwa kumtazama mtu kama tumbo la kula. Mbuzi hamo kwenye fomu. Matokeo yake, kaya inayohitaji madebe mawili ya mahindi inaswaga mbuzi wawili kwenda mnadani ili ipate fedha ya kununulia mahindi hayo hayo ya bei nafuu. Mwezi ujao inaswaga wengine wawili. Mvua inaporudi, kaya imeshiba lakini zizi ni tupu, na takwimu za wilaya zinasema maafa yamepita salama.

Nchi hii haina ubishi kwamba ng'ombe ni mali. Wizara ya Mifugo na Uvuvi ilitaja ng'ombe milioni 36.6 kwa mwaka 2022/23, pamoja na mbuzi milioni 26.6 na kondoo milioni 9.1, na kila mara viongozi wanatukumbusha kwamba barani Afrika tuko nyuma ya Ethiopia tu. Tunajivunia ng'ombe akiwa hai. Akifa kwa ukame, sheria inamwacha mahali pasipo na jina.

Tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji, na uratibu uko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Inazungumzia kujiandaa, kukabili na kurejesha hali. Ni sheria nzuri kuisoma. Lakini haimpi mfugaji haki ya kudai bei ya ng'ombe aliyekufa kwa kukosa majani. Anachoweza kupata ni msaada, na msaada hutegemea ukubwa wa tukio, uwezo wa mfuko na, tuseme ukweli, sauti ya mbunge wake.

Sasa linganisha na mtu aliyevamiwa na wanyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 zipo kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011, zenye jedwali la viwango. Kifo cha mtu kiliwekewa shilingi 1,000,000, ulemavu wa kudumu 500,000. Shamba lililoliwa na tembo lina kiwango chake kwa ekari, na mifugo iliyouawa na simba ina kiwango chake pia. Wabunge wamelalamika mwaka hadi mwaka kwamba ni fedha ndogo na zinachelewa, nao wana haki. Hata hivyo jedwali lipo. Mtu ana fomu ya kujaza na ofisi ya kufuatilia. Ng'ombe wa jirani yake aliyekufa kwa kiu kilomita tatu kutoka hapo hana fomu, hana ofisi, kwa sababu tu muuaji wake hana meno.

Ipo mara moja ambayo serikali ilivuka mpaka huo, na inastahili kukumbukwa. Ukame wa mwaka 2008 na 2009 ulifagia mifugo ya Longido, Monduli na Ngorongoro. Rais Jakaya Kikwete aliahidi kwamba kaya zilizobaki bila kitu zitapewa mifugo ya kuanzia upya, na ahadi ikatimizwa: serikali ilinunua mifugo na kuigawa, watu wakaiita kifuta machozi. Kwa familia iliyokuwa imeanza kupeleka vijana wake kwenye ulinzi wa usiku Arusha na Nairobi, mtamba mmoja mwenye mimba ni mwanzo wa maisha. Sitaki kuidharau kazi ile.

Lakini kati ya ahadi na ng'ombe ilipita miaka. Na hapo ndipo ugumu wa msaada wa namna hii unapojitokeza. Mzoga unaoza kwa wiki chache. Fisi na mwewe wanamaliza kilichobaki. Mwaka wa pili au wa tatu, nani atathibitisha kwamba boma hili lilikuwa na ng'ombe arobaini na lile lilikuwa na wanane? Anayejua ni jirani, na jirani naye anaomba. Orodha inageuka ugomvi. Aliye karibu na mwenyekiti anaandikwa, mjane aliyehamia kwa kaka yake baada ya zizi kuisha anasahaulika, kwa kuwa siku ya kuhesabu hakuwepo. Mbuzi wa mama, ambao ndio waliokuwa wakitoa maziwa ya watoto, wanaandikwa kwa jina la baba.

Ugogo wenyewe unajua zaidi kuhusu serikali kuchukua mifugo kuliko kuhusu serikali kuirudisha. Sotoka ilipoingia miaka ya 1890 ilimaliza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, na wakati huo hakukuwa na serikali ya kumlilia mtu. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Wajerumani na baadaye Waingereza walijichukulia ng'ombe, nafaka na wapagazi kutoka nchi hii ya kati kwa ajili ya majeshi yao. Kisha mvua ikakosa. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Afisa mmoja wa Kiingereza alikadiria kwamba watu 30,000 walikufa kati ya 150,000. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hiyo kwa makini, anaonyesha kwamba mvua peke yake isingeua watu wengi kiasi kile. Kilichoua ni kwamba akiba ilikuwa imeshabebwa. Ghala lilikuwa tupu na zizi lilikuwa tupu kabla jua halijawaka.

Akiba ya Wagogo ilikuwa na akili yake. Peter Rigby, aliyeandika kitabu juu ya ng'ombe na ukoo miongoni mwa Wagogo mwaka 1969, anaeleza jinsi mtu mwenye mifugo mingi alivyokuwa haiweki yote kwenye tembe lake. Wengine aliwapeleka kwa shemeji, wengine kwa rafiki wa upande ambao mvua hunyesha tofauti. Anayetunza anakunywa maziwa, mwenye mali anabaki na mali. Ugonjwa ukiingia huku, kule wanabaki. Ukame ukipiga upande mmoja, mtu ana pa kwenda kuomba bila aibu, kwa sababu anachoomba ni chake. Kwa maneno ya leo tungesema hiyo ni bima, tena isiyo na wakala. Ilihitaji ardhi pana na watu waliotawanyika, na vyote viwili vilipunguzwa. Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 iliwakusanya watu vijijini, mashamba yakapanuka, na sasa kwenye kata kama Mkonze shemeji aliye upande wa pili ana kiwanja cha mita ishirini kwa thelathini.

Mwaka 2007 Dodoma ikapata somo jingine, safari hii kutoka kwa mvua nyingi. Mwishoni mwa 2006 mvua zilizidi, mabwawa na mabonde yakajaa, na mayai ya mbu yaliyokuwa yamelala kwenye udongo mkavu kwa miaka yakaanguliwa. Mbu hao walibeba homa ya bonde la ufa, ugonjwa uliotambuliwa kwanza Kenya, karibu na Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Dalili yake ya kwanza kwa mfugaji haifichiki: katika wiki moja karibu majike yote yenye mimba yanatupa. Kisha ndama na wanakondoo wanakufa. Kisha aliyemchinja ng'ombe mgonjwa anaanza kutokwa damu puani.

Nchi nzima watu zaidi ya 140 walikufa katika mlipuko ule, na Dodoma ndiyo iliyoumia kuliko mikoa mingine. Utafiti uliofanywa baadaye ulihesabu ng'ombe 16,973 waliokufa, mbuzi 20,193 na kondoo 12,124, mbali na mimba zilizotoka, ambazo nazo zilikuwa za makumi ya maelfu. Thamani ya ng'ombe waliokufa peke yao ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola milioni 4 za Marekani. Lakini hasara kubwa ya mfugaji ambaye mifugo yake haikuugua haimo kwenye hesabu hiyo. Minada ilifungwa, usafirishaji wa mifugo ukazuiwa, mabucha yakakosa wateja, watu wa mjini wakahamia kwenye kuku na samaki. Mtu alikuwa na ng'ombe wazima zizini na hakuweza kununua kilo ya chumvi.

Zuio lile lilikuwa sahihi. Bila hilo tungezika wengi zaidi. Ila lilikuwa ni gharama iliyobebwa na mfugaji kwa faida ya taifa zima, na taifa halikumlipa. Sheria za magonjwa ya mifugo, hapa na katika nchi nyingi, humfikiria mtu ambaye mnyama wake ameuawa kwa amri ya mtaalamu ili ugonjwa usienee. Aliyekufa mwenyewe kwa ugonjwa, au aliyekosa soko kwa sababu mnada umefungwa, hana pa kushika.

Hapa ndipo ninaposikia pingamizi ambalo hutolewa kila suala hili linapojadiliwa, na mara nyingi linatolewa na watu wenye nia njema: kwa nini serikali imlipe mtu aliyekataa kupunguza mifugo? Aliambiwa auze mapema, akakaidi; sasa wamekufa, anataka fedha ya walipa kodi.

Si hoja ya kupuuzwa. Ardhi ya nchi ya kati imechoka kweli. Jirani zetu wa Kondoa wanaukumbuka mwaka 1979, pale mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulipoondoa mifugo yote, takriban 90,000, kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256 katika milima ya Irangi kwa sababu makorongo yalikuwa yanameza mashamba. Majani yalirudi, hilo halina ubishi, na miaka kumi baadaye ng'ombe wakaruhusiwa kurudi wakiwa wa kufugwa ndani. Lakini mradi ule uliwaachia wafugaji kumbukumbu moja iliyokaa: bwana mifugo akija kuhesabu, ujue kuna kitu kinakuja kuchukuliwa.

Shida ya ushauri wa kupunguza mifugo ni tarehe yake. Nenda mnada wa Msalato Jumamosi ya Juni. Ng'ombe wamenona kwa majani ya mwisho na mabua ya mtama, madalali wanagombea, nyama choma inanuka tangu barabarani. Nenda tena Oktoba ya mwaka mbaya. Kila mtu ameleta, hakuna anayenunua, na ng'ombe ambaye miezi minne nyuma angenunua magunia kadhaa ya mahindi sasa hapati hata gunia moja. Mahindi yamepanda, ng'ombe ameshuka, na mfugaji amebanwa katikati. Anayemwambia auze Oktoba anamwambia agawe bure.

Halafu kuna hesabu ambayo mfugaji anaijua bila kalamu. Mwenye ng'ombe arobaini akipoteza asilimia 60, anabaki na kumi na sita. Miaka mitano ya mvua nzuri itamrudisha. Mwenye watano akipoteza asilimia hiyo hiyo anabaki na wawili, na kama wote ni madume, ufugaji wake umeisha. Kwa hiyo anayetaka mfugaji apunguze mifugo inabidi kwanza ampe kitu kitakachofanya kazi ya ile mifugo ya ziada. Wengi wanaishika kama akiba ya kufidia watakaokufa. Kiburi si sababu.

Ukame hauui ng'ombe kwa siku moja. Aliyewahi kukaa zizini Oktoba anaijua asubuhi yake. Ng'ombe amelala na hawezi kuamka. Macho yako wazi, anatafuna hewa. Wanaume wanne wanakuja. Mmoja anashika mkia karibu na shina, mmoja pembe, wawili wanapitisha mti chini ya tumbo, wanahesabu, wanamwinua. Miguu inatetemeka. Wanamshikilia hadi damu itembee. Akipata konzi mbili za mashudu ya alizeti na ndoo ya maji, anatembea. Kesho wanamwinua tena. Siku ambayo mashudu yameisha hawamwinui, na siku hiyo ndiyo ambayo bwana mifugo ataandika kwenye daftari. Kati ya asubuhi ya kwanza na ya mwisho zinaweza kupita wiki tatu. Katika wiki hizo gunia la mashudu lingeweza kufanya kazi ambayo baadaye itahitaji ng'ombe mzima wa kifuta machozi.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote: fedha inayolipwa kwa mzoga ni fedha iliyochelewa, hata ikilipwa siku ya pili. Kinachotakiwa kulipiwa ni majani yaliyokosekana, wakati ng'ombe bado amesimama.

Majirani zetu walifika kwenye wazo hilo kwa kujikwaa. Mwaka 2010 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, walianza kuuza bima ya mifugo huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Badala ya kwenda kuhesabu mizoga, walitumia picha za setilaiti kupima ukijani wa ardhi. Eneo likikauka kupita kiwango kilichokubaliwa, wote waliokatiwa bima katika eneo hilo wanalipwa, hakuna anayeulizwa ng'ombe wake wangapi wamekufa. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011. Kisha, mwaka 2015, serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wake wenyewe wa bima ya mifugo, KLIP, kwanza Turkana na Wajir, ambapo ada yote ililipwa na serikali kwa kaya zilizochaguliwa, kwa kiwango cha ng'ombe watano kila kaya. Mbuzi au kondoo kumi walihesabiwa sawa na ng'ombe mmoja. Kinga ilifika hadi shilingi 70,000 za Kenya kwa kaya kwa mwaka. Februari 2017, ukame ulipokaza, kaya zaidi ya 12,000 katika kaunti sita zililipwa jumla ya shilingi milioni 214 za Kenya.

Jambo ambalo halitajwi sana, na kwangu ndilo kubwa, ni kwamba Wakenya waliibadilisha bima ile katikati ya safari. Mwanzoni ilikusudiwa kumrudishia mtu thamani ya ng'ombe aliyekufa, kwa hiyo fedha ilitoka mwisho wa kiangazi. Baadaye waliisogeza mbele: fedha itoke mapema, majani yanapoonekana kushindwa, ili mtu anunue chakula cha mifugo, maji na dawa. Shilingi zile zile, ila zinamkuta ng'ombe akiwa hai.

Mpango huo ulikuwa na kasoro zake. Setilaiti inaona kijani, haioni utamu. Mathenge, kile kichaka cha miiba kilichovamia maeneo makubwa ya ukame, hubaki kijani wakati ng'ombe wanakufa chini yake, na mfugaji anaambiwa eneo lake halijafikia kiwango. Wapo waliolipwa bila kupoteza na waliopoteza bila kulipwa. Na haukuzuia msiba: ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ambao Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza kuwa janga la taifa Septemba 2021, uliua mifugo zaidi ya milioni 2 Kenya. Fedha ya ng'ombe watano haitoshi misimu mitano mfululizo isiyo na mvua. Haiwezi kutosha.

Hata mataifa tajiri yanahangaika na swali lile lile la mzoga na majani. Marekani ina mipango miwili tofauti. Mmoja hulipa asilimia 75 ya bei ya soko ya mnyama aliyekufa kwa maafa, na mfugaji lazima athibitishe. Mwingine hautazami mizoga kabisa: kaunti ikikaa kwenye ramani ya ukame kwa kiwango kikali wiki kadhaa mfululizo, mwenye malisho katika kaunti hiyo anastahili malipo yanayokokotolewa kutokana na gharama ya kulisha mifugo yake kwa mwezi. Ule wa kwanza ulionyesha udhaifu wake Oktoba 2013, theluji ya ghafla ilipoua maelfu ya ng'ombe Dakota Kusini. Ofisi za serikali zilikuwa zimefungwa kwa ugomvi wa bajeti Washington, na sheria ya kuwalipa ilikuwa imeisha muda wake tangu 2011. Wafugaji walipiga picha mizoga, wakatafuta madaktari wa mifugo wa kuwasainia, wakazika, wakasubiri. Sheria mpya ilisainiwa Februari 2014. Nchi yenye kompyuta zote hizo, na bado mtu alisimama kwenye theluji akipiga picha ng'ombe wake kama ushahidi wa mahakamani.

Mongolia wana njia ya tatu ambayo inatufaa kuitafakari. Kila Desemba wanahesabu mifugo ya nchi nzima. Tangu 2006 wameuza bima inayotazama vifo vya wilaya nzima: vikizidi asilimia 6, waliokata bima wanalipwa kwa kadiri ya vifo vya wilaya, si vya zizi la mtu. Anayetunza mifugo yake vizuri akaokoa wengi kuliko majirani analipwa vile vile, kwa hiyo hapotezi kwa kuwa hodari. Msingi wa yote ni lile daftari la Desemba.

Daftari ndilo tulilokuwa tukilikwepa. Tulipiga chapa ng'ombe kwa chuma cha moto, wengine wakapigwa mara mbili kwa kuhamia wilaya nyingine. Tukaja na hereni za kielektroniki chini ya sheria ya utambuzi ya mwaka 2010, mfugaji akatakiwa kulipa shilingi 1,750 kwa ng'ombe, akauliza analipia nini, hakupata jibu la kumridhisha, na mwishoni mwa 2022 zoezi likasimamishwa. Kisha Juni 2025, huko Bariadi, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua kampeni ya chanjo na utambuzi, ya miaka mitano na shilingi bilioni 216. Safari hii hereni ni bure, na chanjo ina ruzuku: shilingi 500 kwa ng'ombe, 300 kwa mbuzi na kondoo.

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza, kuna uwezekano wa serikali kujua ng'ombe wa mtu fulani wa Mkonze wako wangapi wakiwa hai, pamoja na jina la mwenyewe na namba yake ya simu. Kitu hicho ni kikubwa kuliko chanjo. Mfugaji ana sababu za kusita, na si za kijinga. Tangu enzi za Mjerumani, anayehesabu ng'ombe hakuja kuleta. Hofu yake ni kodi, ni sheria ndogo za jiji zinazokataza mifugo kuzurura, ni Kondoa. Atakachoangalia ni matumizi ya kwanza ya orodha ile. Ikitumika kwanza kumtoza faini, ng'ombe wa mwaka unaofuata watalala kwa shemeji siku ya kuhesabu. Ikitumika kwanza kumtumia fedha ya mashudu kwa simu, hakuna mgambo atakayehitajika kumlazimisha mtu aandikishe hata ndama.

Fedha hiyo haihitaji kuwa nyingi wala haihitaji kuwapata wote. Ng'ombe watano kwa kaya, kama walivyofanya Wakenya, wangetosha kulinda mbegu ya zizi. Wala hakuna ulazima iwe fedha taslimu kila mahali. Kongwa kuna ranchi ya taifa, na taasisi ya utafiti wa mifugo, TALIRI, inazalisha malisho huko. Mashudu yanakamuliwa Dodoma na Singida kila msimu. Vocha ya marobota na mashudu inaweza kumfaa mtu wa Mkonze kuliko noti ambazo shangazi, mkopeshaji na mwenye duka wanazisubiri mlangoni. Ambaye hana eneo la kulishia tena, kwa kuwa limeuzwa kuwa viwanja, anunuliwe ng'ombe wake Juni kwa bei ya Juni. Machinjio ya Kizota yako hapa hapa jijini.

Wala hatuhitaji kubahatisha kuhusu mwaka gani ni mbaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu kwa kanda ya kati kabla ya Novemba. Februari inapokuwa kavu, kila mwenye jembe Ugogo anajua. Aprili mvua ikikata, majani yaliyopo ndiyo yaliyopo. Hakuna mengine hadi Desemba. Ng'ombe wanaanza kulala Septemba na Oktoba. Kati ya siku ambayo tunajua na siku ambayo wanalala kuna miezi mitano, na katikati yake, mwezi Mei, bajeti ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi husomwa bungeni, kwenye ukumbi ambao mtu wa Mkonze anaufikia kwa bodaboda. Wabunge wa Dodoma, Manyara na Arusha hukaa humo siku hiyo. Kifungu cha kuuliziwa ni cha chakula cha mifugo kwa mwaka wa ukame: kiko kiasi gani, nani anakifungua, na kwa kipimo kipi.